Mgeni Rasmi Alimenya Vitunguu

Mdogo wangu alipoagwa Bungeni walimpa karanga. Sisemi karanga pamoja na chakula. Karanga, basi, kwenye kibakuli cha kioo, na glasi ya mvinyo ambao hanywi.

Huyu mdogo wangu ni afisa wa jeshi la wanamaji. Jeshi lilimtuma kutoka Tanzania aje Brussels mwaka mzima, akae kwenye ofisi ya mbunge mmoja wa huku na kujifunza sheria zinavyotungwa: kuhudhuria kamati, kusoma miswada, kumwandalia mbunge maelezo ya bandari na uvuvi. Mwanamaji kapelekwa mji usio na bahari, kakabidhiwa makaratasi! Wenzake kambini walimcheka hata kabla hajapanda ndege, wakamwita nahodha wa mafaili. Naye alivyo, neno likimchoma halisemi.

Alikaa kwangu Berchem-Sainte-Agathe, kwenye fleti ambayo jikoni kwake watu wawili hawapishani mpaka mmoja avute tumbo ndani. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi hospitali, kule Jette, kuogesha wagonjwa, kuwageuza, kuwalisha. Nikirudi nyumbani miguu imevimba, namkuta bwana mkubwa kakaa mezani na miswada yake. Nikifungua mlango tu, huyo, anaruka wima, kichwa karibu kigonge taa. Kila siku ya Mungu. Na mimi kila siku: "Kaa chini bwana, unanizibia njia!"

Nilidhani ananikagua. Maana kukagua ndio ilikuwa starehe yake, wala usinibishie. Vijiko vyangu alivipanga kwa urefu. Viatu vyangu vya mlangoni aliviweka kwenye mstari, eti vyote vitazame upande mmoja. Siku niliyokuta kanga zangu zimekunjwa pembe nne, zimebanwa kama za dukani, nilimwambia, "Hapa si melini. Ukigusa tena kanga zangu utalala kwenye ngazi." Akajibu, "Sawa, dada," kwa adabu ile inayomfanya mtu mwenye hasira aonekane mwendawazimu.

Mwaka ukaisha. Mama yetu huko nyumbani alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anaenziwa na Bunge la Wazungu. Alitaka picha ya ukutani. Kalenda alishaiteremsha, msumari umebaki peke yake unangoja.

Siku yenyewe mdogo wangu aliamka kabla ya jogoo wa kwetu, akapiga pasi sare nyeupe mpaka nikaionea huruma. Mimi nikajifunga kitenge kizuri na kilemba. Tukafika. Kumbe sherehe iko kwenye korido! Hakuna kiti, hakuna sala, hakuna mshereheshaji, watu wamesimama kama wanasubiri lifti. Mbunge, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, akasema maneno mazuri ambayo chai haingepoa kabla hayajaisha. Wakapiga makofi. Mtu akapiga picha wakati huohuo mdogo wangu anatafuna. Halafu wakatazama saa zao, wakapotea mikutanoni. Tukabaki sisi wawili na kibakuli.

Kwenye tramu alikaa na sare yake inang'aa. Bibi mmoja akamuuliza kama tramu hii inafika Jette, akidhani ni mfanyakazi wa tramu. Akamwelekeza vizuri tu, mpaka kituo cha kushuka. Kisha akanigeukia.

"Dada, mama nitamwambia nini?"

Hapo ndipo damu iliponichemka. Ugomvi wangu na yeye ni wangu. Lakini mtu wa nje asimdogoshe mdogo wangu, hata kwa bahati mbaya.

Nilimwendea jirani yangu, maman mmoja wa Bukavu anayekaa ghorofa ya chini. Kabla sijamaliza kusimulia alishaweka mikono kiunoni.

"Muntu anatumika mwaka muzima, banamupatia karanga? Non, non, non! Ile haiko fête. Ile ni kufukuza muntu. Bon, miye nitapika sombe. Weye utafute salle."

Sombe, yaani kisamvu, nikamwachia; ukumbi nikaupata, wa parokia. Kisha nikapiga simu ofisini kwa mbunge, nimejiandaa kwa Kifaransa changu cha ugomvi nimkabili karani. Akapokea mbunge mwenyewe. Nilishaanza, siwezi kurudi nyuma, nikamwambia, "Madame, kwetu mtu haagwi kwa karanga."

Akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, "Kwenu mnaagaje?"

"Njoo uone," nikasema. "Wewe ndiye mgeni rasmi."

Kadi ziliandikwa saa tisa. Mswahili yeyote anajua saa tisa maana yake: ndio uanze kutafuta pasi. Saa tisa kamili mlango wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia mgeni rasmi na shada la maua, akanikuta peke yangu, nywele zimefungwa kitambaa, nimezungukwa na magunia ya vitunguu. Yarabi! Viti havijapangwa, maman yuko nyumbani na sufuria zake, mshereheshaji hata kuoga bado.

Akatazama huku na huku. "Nimekosea siku?"

"Hujakosea, madame. Umewahi tu."

Akavua koti, akaomba kisu. Nilikataa kwa adabu mara moja, kisha nikampa, kwa sababu vitunguu vilikuwa vingi na adabu ina mipaka. Nikamfunga kanga kiunoni. Tukamenya, tukakata. Alikuwa na mkono mzito, vitunguu vyake vya kachumbari vilitoka vinene kama vya kupikia, machozi yanamtiririka, pua inavuja, na mdomo haufungi.

"Siku ya kwanza nilipoingia ofisini," akasema, "kaka yako alisimama kama kiti kimemuuma. Nikamwambia hakuna haja. Kesho yake akasimama tena. Nikajua ni mambo ya jeshi, nikamwacha. Lakini akaingia yule mama anayemwaga taka zetu. Akasimama vilevile, wima. Nikamuuliza, na huyu pia ni mkubwa wako?"

"Akasema nini?"

"Alisema nyumbani ana dada anayebeba wagonjwa siku nzima. Kila akirudi yeye husimama, kwa sababu mjini hapa hajaona mwenye cheo kikubwa kuliko huyo. Sasa akishamsimamia dada yake, mbele ya mtu mwingine aliyechoka na kazi atabaki amekaa vipi?" Akafuta pua kwa kiwiko. "Baada ya hapo ofisi nzima tulianza kusimama. Niliona aibu kukaa. Dada huyo ndiye wewe?"

Nikainama kwenye beseni. Nikasema vitunguu vya huku vikali mno.

Watu walijaa jua linapotua, Watanzania, Wakenya, Wakongo, kila mtu akishangaa Mzungu mwenye kanga anayenuka vitunguu pale meza kuu. Mshereheshaji akataja wakubwa wote waliokuwapo na wasiokuwapo, akamaliza kwa kusema itifaki imezingatiwa. Kisha akaamuru mlango ufunguliwe, maana kwetu anayeenziwa huingia mwisho.

Akaingia na ile nyeupe yake. Vigelegele vikapasuka. Watu walikuwa wamekaa, sahani za kachumbari mapajani, na dada mkubwa kwetu hamsimamii mdogo wake, haijapata kutokea. Mimi nilimfuta kamasi mtoto yule. Nilisimama. Kiti changu kilianguka nyuma, mgeni rasmi naye akasimama, na ukumbi mzima ukafuata, sahani mkononi.

Nilikuwa nimesimama katikati ya njia yake. Akafika, akanitazama, midomo inamtetemeka kwa kicheko.

"Kaa chini, dada," akasema. "Unanizibia njia."

Mpiga picha alibonyeza hapohapo, na hiyo ndiyo picha iliyopanda kwenye msumari wa mama. Siku ilipomfikia alinipigia simu. Mwanawe amemwona, ametoka vizuri, anacheka, mtaa mzima umekuja kumtazama. Ila kuna jambo hawalielewi: hawa wanawake wawili waliomzunguka, yule Mzungu na wewe, mbona macho mekundu hivyo? Nani alifariki?

"Vitunguu, mama," nikamwambia. "Tulimenya vingi mno."