Barafu Chini ya Bahari ya Mtwara

Nilisafiri kwa sababu sikumwamini mwanangu. Devota, kitindamimba wangu, aliniambia kwa simu kwamba kazi yake Mtwara ni kuzuia barafu isizibe bomba la gesi baharini. Barafu, kwenye joto lile? Nikaona heri nikajionee.

Alfajiri niliondoka Nyamiaga kwa bodaboda hadi stendi ya Ngara. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni. Basi likatupitisha Kahama, Singida, Dodoma, kisha nikapanda jingine la kusini. Nilifika Mtwara siku ya tatu, miguu imevimba.

Jumamosi ilikuwa siku ya ndugu kutembelea kiwanda cha gesi anakofanya kazi. Devota alinivika kofia ngumu, akanionyesha bomba nene linalotokea baharini.

"Mama, gesi hutoka kisimani chini ya bahari pamoja na maji. Vikibanwa sana na kupata baridi ya huko chini, vinashikana, vinakuwa donge jeupe. Ukilitia kiberiti linawaka."

"Barafu inawaka?"

"Inawaka. Ndiyo maana tunaingiza dawa, lisigande."

Hapo mwenzake, mzee wa makamo yangu, akaja mbio. Pampu ya dawa ilikuwa imesimama. Presha upande wa bahari ilikuwa inapanda, ya upande wetu inashuka. Bomba lilikuwa linaziba.

"Tufungue huku, donge lisukumwe litoke," alisema.

"Hapana, mzee wangu," Devota alijibu. "Tukilegeza upande mmoja litaruka kama risasi, lipasue bomba na watu. Tunashusha presha pande zote mbili, polepole, liyeyuke lenyewe."

Wageni tulihamishiwa chumba cha mbali chenye dirisha la kioo. Kuanzia saa nne hadi saa kumi nilimtazama amesimama mbele ya mitambo, yeye ambaye nyumbani hakuweza kungoja maharage yaive. Nilisali rozari nzima, nikairudia. Mwishowe aliketi, akafunika uso kwa viganja. Kisha akaja.

"Limeyeyuka, Mama. Twende tukale."

Wakati wa kurudi, kila nilipoona nyaya za umeme nilikumbuka kwamba gesi ile huendesha mitambo ya umeme, na wanaoutumia hawamjui Devota. Nimejifunza kwamba zipo kazi ambazo zikifanywa vizuri hakuna anayejua kuwa zimefanywa.

Niliposhuka Ngara, alipiga simu. "Umefika salama, Mama?"

Mdomo wangu ulitaka kumwamkia shikamoo, mtoto niliyemzaa mwenyewe.