Nyamukeke Si Samaki

Saa nane na robo mchana, umeme unarudi Rumonge. Feni ya dukani inaanza kuzunguka kwa kusitasita, mashine ya kopi inaguna, na Mwavita anavuta kiti chake cha plastiki mbele ya kompyuta ya tatu, ile ambayo herufi N imefutika. Amesubiri tangu asubuhi.

Mama aliyetaka kuchapiwa barua ya kuomba kazi ameambiwa arudi saa kumi. Mwavita anafunga kitenge vizuri, anafungua mtandao, kisha anakunja mikono. Ukurasa mmoja huchukua dakika nne kufunguka, na kuukodolea macho hakuuharakishi.

Anaousubiri ni ukurasa wa maswali wa ensaiklopedia ya Kiswahili iliyoko mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Wasomaji huleta maswali yao hapo. Wanaoyajibu ni wahariri wa kujitolea, watu wa nchi mbalimbali wasiojuana kwa sura. Mwavita, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mmoja wao.

"Watu wanauliza, nani anawalipa? Nawajibu, hakuna. Wanauliza tena, sasa unakula nini? Hapo nacheka," anasema, kisha anaigonga mashine ya kopi kwa kiganja. "Nakula hii."

Si mlo wa kushibisha. Sekretaria, kama yanavyoitwa hapa maduka haya ya kuchapa barua, humpa faranga mia moja na hamsini kwa kila ukurasa. Siku njema huchapa kurasa ishirini. Siku ambazo barabara ya Bujumbura ina risasi, kama ilivyokuwa juma lililopita, mabasi madogo hayafiki, wateja hawaji, na hachapi hata mmoja. Vita hivi vimeingia mwaka wa kumi na tano. Yeye mwenyewe alizaliwa katika machafuko mengine, ya mwaka 1972.

"Mama alisema, huyu amekuja na vita, aitwe Mwavita," anasema. "Walizani iko vita moja tu."

Kazi hii ya kujitolea aliingia kwa ubishi. Mapema mwaka jana mteja mmoja aliondoka bila kufunga ukurasa uliosema kwamba wavuvi wa Ziwa Tanganyika huanika samaki aitwaye mukeke mchangani. Mwavita, aliyekulia kwenye harufu ya samaki, akapandwa na hasira. Kinachoanikwa mchangani ni ndagala, wale wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa. Mukeke huchomwa akiwa mbichi, tena siku hiyohiyo. Akabonyeza, akarekebisha.

Kabla hajafunga duka, mhariri mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu anayejiita Shafii, alikuwa ameshamwandikia. "Karibu sana, dada. Umejuaje?"

"Nimewaanika mwenyewe," akajibu.

"Nakuamini. Lakini chanzo chako ni kipi?"

Neno hilo ndilo lililomfundisha kazi. Chanzo ni kitabu, gazeti, ripoti, kitu kilichochapishwa ambacho msomaji anaweza kukitafuta akakiona. Mwavita akaazima kitabu cha uvuvi kwa mwalimu mmoja wa jirani, akakitaja, kisha kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaingia, akaandika makala nzima ya mukeke, kuanzia mapezi hadi bei ya sokoni. Inasomwa hadi leo.

Tangu hapo amejibu maswali zaidi ya mia nne, na kwa habari ya chanzo akawa mkali kumshinda Shafii. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mawese alitaka aandikwe kuwa ndiye tajiri wa kwanza wa Rumonge. Mwavita akamuuliza chanzo. "Chanzo ni mimi mwenyewe," mzee akajibu kwa fahari, na Mwavita akamfuta palepale.

"Nilikuwa nafuta na sisikii kitu," anasema. "Sheria iko sheria, basi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwezi Februari mwaka huu mkuki ulimgeukia.

Swali lilitoka Kigoma, kwa msichana aliyejiita Esha, mtoto wa wakimbizi. Mwavita analikumbuka neno kwa neno: "Nyamukeke ya Burundi iko wapi? Mama anasema alizaliwa huko. Tunaandikishwa kurudi na fomu inataka jina la kijiji, lakini watu wanamcheka, wanasema hilo ni jina la samaki."

Mhariri mwingine alikuwa ameshajibu, tena kwa adabu: "Huenda mama alimaanisha mukeke." Akaweka na kiungo cha kumpeleka Esha kwenye makala ya samaki huyo. Makala aliyoiandika Mwavita.

"Niliinuka, nikatoka nje, nikasimama ku jua," anasema. "Kijiji changu kimekuwa samaki. Na samaki ni miye nilimuandika."

Nyamukeke ilikuwa nyumba tisa ukingoni mwa ziwa, kusini ya msitu wa Kigwena, ikibanwa na michikichi upande mmoja na maji upande wa pili. Haikuwa na shule. Ilikuwa na uwanja wa kuanikia ndagala na mtumbwi mmoja mkubwa wa wote, na hakuna ramani iliyowahi kuitaja. Mwavita aliolewa hapo, akafiwa na mume hapo kwa malaria, na hapo ndipo alipomzaa mwanawe wa pekee, Fahima.

Vita vilipoanza, nusu ya wakazi walivuka kwenda Tanzania. Waliobaki walisema ziwa litawalinda.

Jumatano ya tarehe 12 Novemba 1997, Mwavita alimwacha Fahima kwa bibi yake, akatoka kwenda mjini. Mtoto alikuwa ametimiza miaka minne na hakuwa ameandikwa popote, kwa hiyo mama yake alikwenda kumtafutia karatasi ya kuzaliwa. Alimwambia atarudi nayo. Alishika foleni tangu saa mbili hadi saa tano, na alipobakiza watu wawili mbele yake, milio ya bunduki ikasikika upande wa kusini. Dirisha likafungwa, kila mtu akakimbia njia yake.

Kule Nyamukeke watu wenye silaha walikuwa wameshuka kutoka mlimani. Walikuwa wa upande gani? Hadi leo kila upande humtaja mwenzake. Wanakijiji wote waliokuwapo wakakimbilia mtumbwi, ukajaa kupita uwezo wake, na haukufika mita mia mbili. Aliyetoka hai ni mmoja tu, Consolée, mwanika ndagala, aliyekumbatia dumu tupu la mawese mpaka mawimbi yakamrudisha nchi kavu.

Redio haikutangaza. Hakuna afisa aliyekuja kuandika. Nyumba zilichomwa, na msimu uliofuata michikichi ikapandwa juu yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; Nyamukeke nayo iliisha hivyohivyo, na haikuwa mali.

Alasiri ile ya Februari Mwavita alimjibu Esha kwa mstari mmoja: "Nyamukeke si samaki. Ningoje." Kisha akaandika aya tatu. Mahali, nyumba, mtumbwi, majina. Barua za wateja zililala mezani na yeye hakuziona.

Kesho yake makala haikuwapo. Shafii alikuwa ameifuta, akaacha ujumbe: "Dada yangu Mwavita, nimesoma na nimelia. Pole sana, sana. Lakini sheria unaijua kuliko mimi. Chanzo chako ni kipi?"

Anakiri kwamba aliandika jibu haraka: "Chanzo ni mimi mwenyewe." Akayatazama maneno hayo, akamkumbuka yule mzee wa mawese, akayafuta kabla hajayatuma.

"Sikumukasirikia," anasema. "Mimi ningekuwa yeye, ningefuta vilevile. Ile ndiyo iliniuma. Mutoto wangu hana karatasi ya kuzaliwa, hana ya kufa, kaburi haiko, picha haiko. Nikatafuta kitu kimoja tu cha kuonyesha alikuwako, nikakosa. Ni kama nilimuota."

Alilia siku mbili, kisha akarudi kwenye ukurasa wa maswali, maana wageni hawakuacha kuuliza. Swali linalokuja zaidi ni hili: kwa nini makala yangu imefutwa? Zamani Mwavita alilijibu kwa maneno mawili, "Hakuna chanzo." Siku hizi anaandika: "Pole. Najua unalolijua ni kweli. Tutafute pamoja mahali lilipoandikwa."

Gazeti hili lilipomwendea mwezi Mei, likitaka kueleza maisha ya mhariri wa kujitolea katika mji wenye umeme wa kubahatisha, alikataa mara tatu. Mara ya nne alikuja na maswali yake.

"Gazeti lenu munaliweka? Hata miaka ikipita, mutu anaweza kuliona?"

Akaambiwa kwamba nakala huhifadhiwa.

"Na linakuwa na tarehe na namba?"

Akaambiwa ndiyo.

Akaifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Basi nitasema yote munataka. Lakini na majina muyaandike. Yote. Mukikata hata moja, na mimi munikate."

Alielezwa kwamba gazeti halichapi majina ya marehemu kwa kuombwa tu; lazima habari ithibitishwe na watu wengine.

"Ah," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Munataka chanzo."

Akatupeleka kwa Consolée, ambaye sasa ana miaka sitini na moja na anaishi katika chumba kimoja nyuma ya soko. Hajui kusoma. "Amahoro," alitusalimu, akatupa mkeka, kisha akafumba macho na kutaja majina huku akikunja vidole. Vidole kumi vilipokwisha, alikishika kidole kidogo cha Mwavita, akakikunja kwa ajili ya la kumi na moja.

"Huyu ndiye nilimushika mukono," akasema. "Maji yakanizidi nguvu. Unisamehe, mama Fahima."

"Nilikusamehe zamani," Mwavita akamjibu. Kidole chake kilikuwa bado ndani ya mkono wa Consolée.

Kesho yake tulimpigia simu Batuli, mama yake Esha, kule Kigoma. Aliondoka Nyamukeke mwaka 1994, hivyo mtumbwi hakuuona. Tulimsomea majina moja moja. Wawili hakuwajua: mtoto aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka, na mchuuzi mmoja Mkongomani aliyehamia baadaye. Wengine wote aliwatambua, pamoja na nyumba zao. Tulipofika kwa Fahima, akatukatiza.

"Fahima wa Mwavita? Si ni yule wa kovu la uji ku paji la uso? Nilimubeba mimi siku ya kupewa jina. Alininyia kanga!"

Mwavita, aliyekuwa akisikiliza pembeni, aliziba mdomo kwa ukingo wa kitenge. Kovu lile hakuwa amemtajia mtu yeyote, wala sisi. Kwa miaka zaidi ya kumi alidhani limebaki kichwani mwake peke yake. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyepewa habari za msiba leo, na ndani ya kilio chake mlikuwa na kitu kinachokaribia furaha.

Siku ya tatu Consolée alituongoza hadi mahali penyewe. Chini ya michikichi tulihesabu mafiga ya nyumba saba kati ya tisa, mawe meusi ya moshi yaliyozama nusu kwenye udongo.

Kwa hiyo gazeti hili linachapisha kama lilivyothibitisha. Waliozama mbele ya Nyamukeke, tarehe 12 Novemba 1997, ni hawa: Hamisi Bukuru na mkewe Zaina, Darius Nzeyimana, mvuvi, mkewe Vestine na watoto wao Ange na Jean-Pierre, Biasha Juma, aliyekuwa mjamzito, na kaka yake Faridi, fundi wa nyavu, Tabu Asumani, mjane, Akonkwa, mchuuzi wa ndagala kutoka Kivu Kusini, ambaye jina lake la pili hakuna anayelijua, na Fahima, mjukuu wa Hamisi na Zaina, miaka minne.

Shafii ameshaahidi. "Nasubiri gazeti, dada," amemwandikia. "Mikono yangu iko mbali na kitufe."

Gazeti hufika Rumonge siku ya Jumatano, barabara ikiwa salama. Mwavita amepanga kununua nakala mbili. Moja ni ya Consolée, ambaye hatasoma hata mstari mmoja lakini amesema anaitaka iwe chini ya mto wake. Nyingine ataifungua kando ya kompyuta ya tatu umeme utakaporudi, aiandike upya makala ya Nyamukeke, na mwishoni, panapotakiwa chanzo, aweke jina la gazeti hili, namba yake na tarehe yake. Kisha atamjibu Esha, ambaye fomu ya mama yake inarudishwa mwisho wa Juni na bado ina nafasi tupu.

Tulimuuliza kama kuna jambo la kuongeza. Alikitazama kwanza kijitabu cha mwandishi, kilichojaa majina.

"Siku ile nilimuambia nitarudi na karatasi," anasema. "Ndiyo hii munaandika."