Gunia la Kaka na Msuli wa Mkono

Ukikunja kiwiko na kukaza ngumi, kuna msuli unaovimba mbele ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Ndio huo vijana wanaowaonyesha wasichana. Wangu wa kulia umejikunja juu karibu na bega kama fundo la nguo, na chini yake pamebonyea. Watoto wa hapa Bariadi huomba kuugusa. Nawaruhusu, kisha nawafukuza.

Daktari alinieleza kwamba juu una vichwa viwili vilivyojishikiza begani, na chini una kano moja nene inayopita mbele ya kiwiko hadi kwenye mfupa wa upande wa dole gumba. Husaidia kukunja kiwiko, lakini mkunjaji hasa ni mwenzake aliyelala chini yake, asiyeonekana wala kusifiwa. Kazi kubwa ya huu wa juu ni kugeuza kiganja kitazame juu: kukaza parafujo, kupeleka tonge mdomoni, kupokea kitu unachopewa. Jambo moja daktari hakulisema, nililijua mwenyewe. Kabla hujainua mzigo, macho yameshauambia mkono uzito wake, nao umejiandaa kwa uzito huo tu. Macho yakidanganywa, mkono ndio unaoumia.

Soko huria lilipoanza, wanunuzi binafsi walikuja kijijini kwetu na malori yao, na ghala la ushirika likabaki la popo. Mimi na kaka yangu, tumbo moja, tulipata kazi ya kuinua magunia ya pamba na kuyatundika kwenye ndoano ya mizani. Mmoja anashika upande wa mdomo, mwingine anashika masikio, zile pembe za chini, viganja juu, tunanyanyua kwa pamoja.

Wakulima walikuwa wakitia mchanga ili gunia lipande uzito, nao ulituama chini, kwa anayeshika masikio. Kila mtu alijua isipokuwa mnunuzi. Sisi wabebaji tulikuwa na desturi yetu: gunia la mchanga linatajwa. Mwenye mali anakutupia neno la Kisukuma, unachuchumaa vizuri, unalinyanyua kwa miguu. Mnunuzi wetu alikuwa mtu wa mbali. Kisukuma chake kilikuwa "mwangaluka" basi, na salamu hiyo ya asubuhi aliitoa hata jua likizama.

Siku pamba ya kaka ilipofika mizanini, alishika mdomo wa gunia, upande ambao kwa kawaida ulikuwa wangu. Sikuuliza. Akasema, "Twende." Nikanyanyua pamba, kumbe nanyanyua mchanga. Kwenye kiwiko nilisikia kitu kikikatika, ta! Mkono ukaisha nguvu, gunia likaanguka miguuni pangu.

"Vipi huyo?" mnunuzi akauliza.

"Jana alicheza ngoma mpaka akachoka," kaka akajibu. Watu wakacheka. Mwingine akaitwa, akachuchumaa vizuri, gunia likapimwa likapita.

Nyumbani kaka alinikanda kwa samli kila jioni, polepole, kama mama. "Mshipa umeteguka tu, mdogo wangu. Utarudi. Hospitali watakuchana bure." Nilimshukuru kila alipomaliza. Nilipokuja kwenda hospitali, daktari alitikisa kichwa: kano ilikuwa imerudi juu ikasinyaa, haishoneki tena. Angenipata mapema angejaribu.

Nilimuuliza kaka mara moja, tukiwa wawili shambani. "Kaka, ulijua lile gunia lina mchanga?"

"Ningejua, ningeacha kukwambia?"

Nikamwamini. Nilitaka sana kumwamini. Walioniambia kwamba alinyamaza makusudi, ili nisibadilike uso nikamshtua mnunuzi, niligombana nao mpaka nikakosa marafiki. Nilisema alisahau gunia ni lipi. Nilisema mengi kwa ajili yake.

Ikapita misimu. Mtoto wake wa kwanza akaota ndevu, akaingia kwenye kazi yetu ile ile. Mimi nilikuwa nimehamia kushona midomo ya magunia kwa mkono wa kushoto, na kwa hasira, maana sindano ya gunia haina huruma na mkono wa kujifunzia ukubwani.

Kaka akaleta pamba yake. Alisimama akipiga soga na mnunuzi. Kijana wake akainama kwenye gunia moja, akashika masikio ya chini. Kaka hata hakuikatiza hadithi yake. Aligeuza shingo kidogo, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hilo zito, mwanangu. Shika mdomo."

Kijana akazunguka, akashika mdomo. Mnunuzi akatabasamu, akidhani baba na mwana wanataniana.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo na sindano yangu. Kaka hakunitazama, na wala hakushusha sauti.