Magunzi Matatu Chini ya Lango

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kitale, sikushika chombo chochote hadi saa sita mchana. Msimamizi wa majitaka, mtu mnene aliyevaa buti za mpira zilizokatwa shingo, alifungua mfuniko wa chemba kwa ndoano. Chemba ni lile shimo la kuufikia mfereji wa majitaka unaopita chini ya barabara. Nikainama nichungulie, akanivuta kwa kola.

"Wewe! Unatafuta nini huko? Umepoteza jirani? Chemba ikifunguliwa, unangoja. Hewa mbaya itoke kwanza. Hiyo haipigi kelele, inakulaza tu."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na kungoja nilikuona kama uvivu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba nusu ya kazi ya majitaka ni kungoja, na nusu ya pili ni kukimbia.

Nyinyi vijana mnaoajiriwa leo mnapewa kompyuta. Sisi tulipewa magunzi. Kitale ni nchi ya mahindi, na gunzi lililopukuchuliwa halikosekani. Kabla ya msimu wa mvua tuliyapaka chokaa magunzi kumi, tukayatumbukiza kwenye chemba ya juu, na mwenzetu akakaa chemba ya chini na wavu wa waya. Yakitoka kumi, mfereji uko wazi. Yakipungua, kuna mizizi au gunia, nasi tulisukuma fito za mwanzi mpaka yote yatoke. Aidha, muda ambao gunzi lilitumia njiani ulituonyesha kasi ya maji.

"Gunzi haiwezi danganya," msimamizi alipenda kusema. "Haitafuti cheo."

Miguu yangu huwasha nikikaa mahali pamoja. Baada ya Kitale nilifanya kazi Endebess, nikichimba mashimo ya maji machafu ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kisha Naitiri, kisha Mabanga. Kila nilikohama niliacha godoro na kubeba buti. Mwishowe nikaajiriwa Bungoma, na huko nikakuta mambo mapya.

Mfereji wa majitaka haujengewi mvua, lakini mjini kila mtu huelekeza maji ya paa lake humo kimyakimya. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji hujaa na chemba ya chini hufurika. Bungoma walikuwa wamefunga mtambo wa kuzuia hilo. Ndani ya chemba ya chini palining'inia kihisi, kifaa kinachopima kimo cha maji na kupeleka habari ofisini papo hapo. Kimo kikipanda, lango la chuma lililo upande wa juu wa mji hushuka lenyewe kwa mota, na maji yanageuzwa kuingia tangi kubwa la zege. Mvua ikipungua, lango hupanda taratibu na tangi hujimwaga. Yote hayo yalionekana kwenye skrini ya Chebet, fundi mitambo, binti wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon mwenye ulimi mkali kuliko wembe.

"Mzee, hapa hatuhesabu magunzi," aliniambia wiki ya kwanza. "Tunahesabu kila dakika."

"Na umeme ikipotea unahesabu nini? Vidole?"

"Kuna betri, Mzee. Karibu karne hii."

Mtambo ulikuwa na sababu. Bomba la kufurikia la chemba ya chini lilifungukia juu kidogo ya chemchemi ya mtaa, iliyojengewa mawe, ambako zaidi ya nusu ya mtaa wa chini huteka maji ya kunywa. Kabla ya lango kuwekwa, uchafu uliwahi kufika pale, na watoto wakaugua matumbo. Mama Nekesa, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, hakutuacha tulisahau. Kila mawingu yakikusanyika alinipigia simu. "Nyinyi muko na mashine. Mimi niko na pua. Ikifika hapa tena, sitakuja kwa meneja, nakuja kwako."

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, meneja alitaka kuhakikishiwa kwamba mfereji uko wazi kabla ya mvua za masika. Mkono wangu ukaenda kwenye mazoea. Nikapaka chokaa magunzi kumi, nikayatumbukiza kwenye chemba iliyo juu ya lango, nikapanda pikipiki hadi chemba ya chini. Yakatoka saba, kila moja kwa dakika tisa hivi.

"Na zingine tatu?" Chebet akauliza kwa simu.

"Zimeshikwa na mizizi. Zitatoka na mvua."

"Kitale mlikuwa mnaacha?"

Hatukuwa tunaacha. Lakini hapa palikuwa na mashine, nami nilijiambia mashine itamalizia. Hilo ndilo kosa langu: nilichukua nusu ya desturi ya zamani na nusu ya mpya, nikaacha kazi yenyewe katikati.

Saa tisa alasiri mvua ikashuka kwa hasira. Chemba ya chini ikaanza kupanda, mtambo ukaamuru lango lishuke, nalo likashuka hadi karibu na chini na kusimama. Mota ikajizima isiungue. Chebet akanipigia. "Lango limekwama, Mzee. Kuna kitu chini yake."

Sikuuliza ni kitu gani. Nilifika langoni nimelowa chapachapa. Lango lina usukani wa mkono kwa siku kama hizo. Nikajaribu kulishusha, likakataa. Magunzi yalikuwa yamejipanga kwenye mfuo ambamo lango hukaa, yakabanwa kama misumari. Njia ilikuwa moja: kulipandisha, maji yapite kwa nguvu, yayasukume. Ila maji hayo hayo yangeshuka hadi chemba ya chini.

"Imebaki kiasi gani huko?" nikapiga kelele kwenye simu niliyoishikilia kwa bega.

"Shubiri mbili hadi mdomo wa bomba. Inapanda."

"Nikifungua, itafika chemba ya chini baada ya dakika tisa, au chini ya hapo. Nimehesabu leo asubuhi."

"Basi fungua uhesabu hadi ishirini ufunge. Ikizidi, chemchemi imekwisha. Bana, Mzee, usihesabu polepole!"

Nikazungusha usukani. Maji yakanguruma kama lori linalopanda mlima. Nikahesabu kwa sauti, na kwenye kumi na nne nikayaona magunzi mawili meupe yakiruka chini ya lango. Kwenye kumi na tisa, la tatu. Nikazungusha kushusha mpaka mikono ikafa ganzi, na safari hii lango likakaa chini kabisa. Tangi likaanza kujaa.

Kisha tukangoja, mimi kwenye mvua, yeye kwenye skrini.

"Inapanda," akasema. Baadaye, "Bado." Baadaye tena, "Imesimama. Kidole kimoja tu hadi mdomo wa bomba, Mzee. Kidole kimoja!" Nikamsikia akicheka na kupiga meza.

Kesho yake nilimweleza meneja kwamba magunzi yalikuwa yangu. Akavuta karatasi. "Kwa hivyo ulikwamisha lango na magunzi ukalikwamua na hesabu ya magunzi." Akaandika kanuni mpya: hakuna kutumbukiza kitu chochote mferejini bila kuijulisha ofisi ya mtambo, na kinachoingia lazima kihesabiwe kinapotoka, chote. Chebet akaibandika ukutani na kunichorea gunzi pembeni.

Nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na minane. Wenzangu husema sijafika umri, lakini mgongo wangu una hesabu yake, na miguu imeanza kuwasha tena. Ninachowaambia nyinyi ni kimoja: mtambo ni mwenzako, si mtumishi wako. Ukiuachia kazi uliyoianza, uambie ulipoishia.

Siku nilipokabidhi buti, nilipita chemchemini kumuaga Mama Nekesa. Alikuwa anafagia mawe. Akachota maji kwa kikombe cha plastiki, akaninyooshea.

"Miaka yote unatuambia hii maji ni safi. Mimi sijawahi ona ukikunywa."

Ilikuwa kweli. Nikayanywa yote, baridi hadi kwenye meno. Alinitazama hadi tone la mwisho, kisha akachukua kikombe na kukijaza tena.

"Kunywa ingine," akasema. "Hiyo ya kwanza ulikunywa na woga."