Ufa Chini ya Mtutu

Bastola sikuzijua mpaka nilipokuja Dubai. Kwetu Tanga, silaha niliyowahi kuiona kwa karibu ni ya mlinzi wa benki, na mwenyewe alikuwa anasinzia. Leo kazi yangu ni kusafisha silaha kwenye klabu ya kulenga shabaha. Watalii wanakuja, wanapiga, wanajichukua video, wanarudi zao hotelini Al Rigga wakicheka.

Tulikuwa na magnum mbili, bastola za risasi kali, za silinda ya kuzunguka. Moja ni chuma kitupu, nzito, imepauka, niliikuta pale na waliokuwepo kabla yangu waliikuta pale. Iliwahi kulegea kidogo, fundi akaikaza, ikaendelea na kazi. Ya pili mwili wake ulikuwa wa aloi ya alumini, nyepesi mpaka unajiuliza kama ni ya kweli. Hiyo ilikuja nikiwa tayari nipo. Mwanamke akifika, tunampa nyepesi. Ndiyo ilikuwa heshima yetu pale, kama unavyompokea mgeni mzigo mlangoni. Hakuna aliyetutuma. Tuliamua wenyewe kwamba chepesi ndicho chema kwa mwanamke.

Basi ikawa nyepesi haipumziki. Na ilikuwa inapiga teke, jamani! Ile nzito inameza kishindo chenyewe, hii inakurudishia chote mkononi. Kulikuwa na risasi laini, za baruti kidogo, zinazoingia humo humo, lakini sir, bosi wetu, hakuzitaka. Wateja wanataka moto na mlio, alisema, wakitaka kimya waende maktaba.

Sasa pale mapokezi alikuwepo binti mmoja wa Nakuru, ninayekaa naye chumba kimoja mtaa wa Naif. Mimi namwita mdogo wangu, yeye ananiita dada. Alitaka kuwa mkufunzi, aache kutabasamu kaunta kutwa nzima. Sir akakubali kumfanyia mtihani kwa magnum, asubuhi kabla ya kufungua. Yeye alikuwa amefanya mazoezi na nyepesi kila mapumziko ya mchana, mpaka kiganja kikaota sugu. Nikimwambia ajaribu ya chuma, ananibeza: "Dada, hiyo chuma yako ni ya wazee. Mimi niko sawa na hii."

Siku ya mtihani nikaifungua nyepesi niipanguse mara ya mwisho. Nikaona unywele. Upo pale chini, mtutu unapoingia kwenye mwili wa bastola, mahali ambapo silinda ikifungwa hupaoni. Nikaupangusa, hautoki. Nikapitisha ukucha, ukucha ukanasa.

Yarabi toba! Ule haukuwa unywele, ulikuwa ufa.

Nikatoka nayo mbio. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa miwani na vizuia sauti, amesimama kwenye mstari, mkono ameunyoosha anasubiri. "Hupigi hii!" Nilipiga kelele mpaka nikaisikia sauti yangu inarudi ukutani. Sir akaja, akaitazama, akasema ni mkwaruzo tu, yalla, haraka, wateja wanakuja.

Mkwaruzo! Mimi si mtu wa kujibizana na sir, nina familia inanitegemea, lakini siku ile adabu ilinitoka. Nikadondosha mafuta pale, nikapangusa kwa kitambaa kikavu mpaka pakang'aa, nikamwekea tochi. "Tazama, sir." Tukatazama wote watatu. Taratibu, mafuta yakaanza kutoka tena ndani ya ile aloi, kwenye mstari ule ule mwembamba.

Sir alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika kidevu. Mdogo wangu alikuwa anakitazama kiganja chake cha kulia, anakigeuza juu, anakigeuza chini. Bastola mpya! Ile kuukuu yenye makovu ipo inadunda, na hii niliyoitoa mwenyewe kwenye sanduku lake imepasuka. Mpaka leo nikifikiria nashangaa upya.

Mwishowe sir akasema mtihani unaweza kusubiri. Mdogo wangu akakataa. Akisubiri, alisema, ataogopa, na akiogopa atarudi kaunta maisha yake yote. "Nipe ile ya chuma."

Nikaenda kuileta. Nilipomkabidhi hakuipokea.

"Dada, umeiangalia hii?"

"Nimeiangalia."

"Vile ulikuwa unaangalia ile kila siku?"

Nikarudi nayo mezani, nikafungua silinda, nikawasha tochi, nikaanza upya na ukucha wangu, sehemu baada ya sehemu, naye amesimama begani kwangu anatazama. Safari hii sir hakusema yalla.