Mtoto Aliyeinamisha Kichwa Kisaju

Sheria inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Naipenda tafsiri hiyo kwa sababu haina huruma wala shaka. Jana ulikuwa mtoto, leo si mtoto, na hakuna anayekuuliza unajisikiaje. Maneno mengine katika sheria ile hunikosesha usingizi. "Mzazi," kwa mfano, ni neno lililo wazi kabisa mpaka ukutane na mwanamke aliyezaa bila kulea na mwingine aliyelea bila kuzaa, wamekaa kwenye benchi moja nje ya ofisi, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Nilikutana nao mwaka niliomaliza chuo. Nilikuwa nikijitolea katika ofisi ya afisa wa watoto mjini Kajiado, kazi ambayo mama yangu aliwaeleza majirani zetu wa Kitengela kuwa ni "kama wakili, lakini anaanza kwa chini." Afisa mwenyewe tulimwita Madam. Alikuwa ameshughulikia kesi nyingi hata hakuwa na haja tena ya kushtuka. Mimi nilishtuka kwa niaba yetu sote.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kusimulia. Msichana wa darasa la pili alikuwa akiishi Kisaju na nyanya yake, mama wa baba yake. Baba alikuwa amefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Mama, mwanamke wa kutoka Nyeri aliyekuja Kitengela kutafuta maisha, alimpeleka mtoto kwa nyanya ili apate kujipanga. Kujipanga kulichukua miaka. Sasa alikuwa na duka la nguo za watoto na nyumba nzuri ya kupanga kwenye ploti yenye wapangaji wengi, na alimtaka mtoto wake. Nyanya alikataa. Hakimu aliitisha ripoti kutoka ofisi yetu, aelezwe maslahi bora ya mtoto yako wapi: Kisaju au Kitengela. Madam alinituma nikatazame nyumba zote mbili na nizungumze na mtoto.

Nilianzia Kitengela. Mama alinionyesha chumba alichokuwa amekiandaa. Kulikuwa na kitanda kidogo chenye neti ya rangi ya waridi, na viatu vipya vimepangwa chini yake kwa ukubwa, kana kwamba mtoto angekua usiku ule ule.

"Amekuja hapa wikendi mbili," alisema. "Anakula vizuri. Lakini hacheki. Kwa shosh yake nasikia anacheka. Kwani mimi niko na shida gani?"

Nilisema tutalizingatia. Ni jibu nililojifunza chuoni na bado sijaona mtu aliyefarijika nalo.

Kesho yake nilienda Kisaju. Nilipaswa kuwa nimejiandaa. Kabla ya kuanza kujitolea tulifundishwa asubuhi nzima jinsi ya kuwa karibu na watoto bila kuwadhuru: usimguse mtoto pasipo sababu ya lazima, usikae naye mahali pasipoonekana, usimwahidi kitu. Wenzangu waliyasikia maneno hayo wakaenda kunywa chai. Mimi niliyabeba nyumbani na kuanza kuyachambua.

Nyanya alinikaribisha kwenye kivuli cha nyumba yake ya mabati. Ng'ambo ya ua wake wa miiba, mtu alikuwa akijenga ghorofa, na mbuzi walisimama wakilitazama kama watu waliolalamika wakapuuzwa. Tulizungumza kidogo. Nilimuuliza alivyompata mtoto.

"Nilipewa," akasema. "Sikuazimwa."

Niliandika hivyo hivyo. Kisha nikaanza kuwaza kuwa katika sheria hakuna kupewa mtoto kwa namna hiyo. Kuna kuasili, kuna ulezi, kuna uangalizi, na kila kimoja kina mlango wake wa mahakama. Mtoto aliyekabidhiwa kwa nyanya asubuhi moja, akiwa amefungwa kwenye leso, hakupita mlango wowote. Nilikuwa bado nawaza hayo mtoto aliporudi kutoka shuleni.

Alikuja moja kwa moja hadi mbele yangu, akasimama, akainamisha kichwa.

Najua maana yake. Nimekulia Kitengela. Nusu ya darasa letu la msingi walikuwa Wamaasai, na waliwasalimia wakubwa hivyo: mtoto huinama, mkubwa humwekea kiganja kichwani na kumjulia hali, basi. Mama yangu, ambaye kwao watu hupeana mikono, alijifunza haraka. Alikuwa akiwasalimia rafiki zangu akiwa jikoni anasonga ugali, na walikuwa wakirudi makwao na unga kwenye nywele.

Kwa hiyo sikukosa kujua. Nilikosa kuamua. Nilikitazama kichwa kile, kimenyolewa vizuri, kina vumbi la njia ya shule, nikajiuliza kama salamu ni sababu ya lazima. Kichwa ni sehemu ya mwili. Hilo halikuwa na ubishi. Halafu, nikimgusa hapa mbele ya nyanya yake, nami sikumgusa mtu yeyote kwa mama yake, si nitakuwa nimeegemea upande? Mtu asiyeegemea upande husalimiaje?

"Hujambo!" nikasema, kwa sauti ya msomaji wa habari.

Mtoto aliendelea kuinama.

"Hujambo sana!"

Bado ameinama. Mbuzi mmoja aligeuka.

"Mbona unakataa kusalimia mtoto?" nyanya akauliza.

"Nimemsalimia, koko," nikajibu, nikimwita nyanya kwa Kimaasai.

"Umeongea. Kusalimia bado." Alinitazama kwa makini, kama anayetafuta ugonjwa. "Amekukosea nini?"

Nilinyoosha mkono, lakini mtoto alikuwa ameshainua kichwa. Alinitazama mara moja, kwa adabu, akaenda kwa ndama nyuma ya nyumba. Alipoitwa aje tuzungumze, alikuja. Nilimuuliza kuhusu shule, akasema hajui. Nilimuuliza kuhusu Kitengela, akasema hajui. Nilimuuliza angependa kuishi wapi, na hapo akafikiri kwanza, kwa heshima kubwa, ndipo akasema hajui.

Niliandika kwamba mtoto alikataa kutoa maoni. Madam alisoma ripoti yangu akiwa anakula ndizi.

"Alikataa," akasema. "Haya. Niambie alivyokataa."

Nilimweleza yote, pamoja na swali la kichwa kuwa sehemu ya mwili. Aliweka ganda la ndizi chini polepole.

"Kwa hivyo wewe ndiye ulimkataa kwanza."

"Nilikuwa nafuata mwongozo, Madam."

"Mwongozo unasema usimdhuru. Umesema usimsalimie?" Alinirudishia karatasi. "Unajua hakimu akikuta hapa patupu atafanya nini? Ataangalia nani ni mzazi kwa sheria. Ni mama. Atampa. Labda ni sawa, labda si sawa, lakini haitakuwa kwa sababu mtoto alisikizwa. Itakuwa kwa sababu wewe uliogopa kichwa. Rudi Kisaju."

Nilirudi. Mtoto alinikuta pale pale kivulini na nilidhani angenipita, lakini adabu yake ilikuwa kubwa kuliko kinyongo. Aliinama. Nikaweka kiganja. Kisha sikujua kinakaa kwa muda gani, na kwa kuogopa kukitoa mapema nilikiacha.

"Inatosha," nyanya akasema. "Si unambariki kuwa askofu."

Mtoto alicheka. Nilikuwa nimeambiwa hucheka, lakini sikuwa nimesikia.

Tuliketi juu ya mawe karibu na tangi la maji, mahali ambapo nyanya angetuona bila kutusikia. Nilimuuliza tena kuhusu Kitengela.

"Sitaki kukaa huko," akasema. "Wamenikasirikia."

"Nani?"

"Wote. Watu wote wa ploti."

"Walikwambia hivyo?"

"Hawakusema kitu. Nikiinama wananipita. Mwingine aliniuliza kama nimeangusha kitu."

Niliuma kalamu. "Na mama?"

Alichora kitu kwenye vumbi kwa kidole cha mguu, akakifuta.

"Mama ananinunulia viatu. Ananishika hivi." Alijikumbatia mwenyewe, kwa nguvu, akijifinya mabega. "Lakini hajanisamehe."

"Akusamehe nini?"

"Sijui. Ndiyo nataka kujua." Akafikiri. "Labda nililia sana nikiwa mdogo. Ndio maana akanileta hapa."

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, sikuwa na tafsiri ya kuiwazia. Nilitaka kumwambia pale pale kuwa hakuna aliyemkasirikia, kwamba watu wa ploti ile walitoka kwingine na hawajui kichwa kinachoinama kinangoja nini. Lakini kesi ilihusu maoni ya mtoto. Nikimweleza, maoni yatabadilika, na yatakuwa yangu. Nisipomweleza, nitampelekea hakimu kosa na kuliita maoni. Nilimshukuru, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikayabeba hadi Kajiado kama mtu aliyebeba mayai.

"Sheria inataka mtoto asikizwe," Madam alisema. "Haijasema tukishamsikiza tumwache adanganyike. Ita mama yake."

Mama alikuja akiwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa amevaa koti jeusi na alikaa ukingoni mwa kiti. Madam alimuuliza kama huwa anamgusa mtoto kichwani akimsalimia.

"Najua hiyo mambo," mama akasema. "Niliolewa kwao. Lakini hiyo si ni ya watu wa nje? Ni ya mzee amepita njiani. Mimi ni mamake. Nitamsalimia kama mgeni? Mimi namkumbatia!"

Madam alinipa ishara. Nikamsomea maneno ya mtoto: ananinunulia viatu, ananishika hivi, lakini hajanisamehe. Nilipofika kwenye kulia sana akiwa mdogo, nilimaliza kwa sauti isiyofaa kwa ripoti yoyote.

Mama alivua koti. Kisha akalivaa tena.

"Nilikuwa nadhani ni mimi nangoja kusamehewa," akasema.

Madam alimsogezea maji. Nje mtu alikuwa akimwambia mwenzake atoe pikipiki mlangoni, na mwenzake alikuwa akimuuliza kama mlango ni wa babake.

"Ni mkono gani wanatumia?" mama akauliza hatimaye.

Nilikuwa nimemgusa mtoto kwa mkono wa kulia, lakini sikujua kama ni kanuni au ni bahati. Nikasema nitauliza.

Siku ya kikao walikuja wote ofisini kwa Madam, ili kama wangepatana, hakimu apelekewe mapatano badala ya vita. Nyanya aliingia kwanza, kisha mtoto, amevaa viatu vya Kitengela na sweta ya Kisaju. Mama alisimama. Mtoto aliwasalimia waliokuwa karibu na mlango, Madam, mimi, kisha akafika mbele ya mama yake na kusita. Nadhani alikuwa akijiuliza kama kuna haja. Akainama, kidogo tu, kama anayeuliza.

Mama alisahau ni mkono gani. Akaweka yote miwili.

"Takwenya," akasema, kwa Kimaasai chenye lafudhi nzito ya Nyeri.

"Iko," mtoto akajibu kwa lugha hiyo hiyo, na hakuinua kichwa mara moja.

Nyanya alikuwa akitazama dirisha. Lilikuwa limefungwa na pazia limeshuka.

Mapatano yalichukua asubuhi yote, kwa sababu kupendana kwa watu wawili hakumalizi swali la watu watatu. Nyanya alisema alipewa mtoto, hakuazimwa. Mama alisema hakuna aliyemwambia kutoa ni kwa milele. Wote wawili walikuwa sahihi na hilo liliniumiza kichwa. Mwishowe Madam alimgeukia mtoto, akamuuliza, na safari hii mtoto alijua. Shule anaipenda ya Kisaju, kuna ndama wake. Likizo atakwenda Kitengela. Lakini Kitengela wamsalimie.

Nyanya alikubali likizo kwa kusema "Haya" mara moja, akiangalia viatu vya mtoto. Mama alikubali shule kwa kulia. Hakimu angeyapitia tena mapatano hayo mtoto akiwa mkubwa kidogo.

Mimi ndiye niliyeyaandika. Kuhusu salamu niliandika kifungu kizima: nani ni mkubwa, kiganja ni nini, kugusa kunaanzia na kuishia wapi. Madam alikata tafsiri zangu zote kwa mstari mmoja mrefu. Akabakiza sentensi moja: *Mama atamsalimia mtoto kwa namna mtoto anayoifahamu.*

Likizo ilipofika nilikwenda Kitengela kuona hali. Mama alikuwa amegonga kila mlango wa ploti na kuwaeleza majirani, na majirani, kama kawaida ya majirani, walikuwa wamelichukua jambo hilo kwa bidii kupita kiasi. Mlinzi wa geti aliniambia yeye humsalimia akitoka na akiingia, hata akienda tu dukani kununua maziwa. Mama mmoja aliyekuwa akifua uani alikuwa amemsalimia muda huo huo.

Mtoto alikuja mbele yangu akainama. Kichwa chake kilikuwa na povu la sabuni. Niliweka kiganja, nikakitoa baada ya muda ambao sasa naudhani ni wa kawaida, nikajipangusa kwenye sketi.

"Wote wanakusalimia?" nikauliza.

"Bado mmoja. Yule wa juu, wa mlango wa bluu."

Nilifungua kalamu. "Unadhani amekukasirikia?"

Alinitazama kama nilivyotazamwa na nyanya yake siku ile ya kwanza.

"Ako na haraka tu," akasema. "Nitamngoja kwa ngazi."

Akaenda kuketi kwenye ngazi, povu likimtiririka hadi sikioni. Kwenye ripoti, palipoandikwa hali ya mtoto, niliandika kwamba kichwa chake kilikuwa kimelowa na kwamba alikuwa mzima. Madam aliisoma yote na hakukata kitu.