Niwekee Mwanangu

Mama mkwe wangu, Kokubanza, hakuwa mtu wa kutulia. Tunapalilia migomba yetu ya Hamugembe, mara jembe liko chini, mwenyewe keshashika njia ya mjini kwa Muharami, muuza santuri. Akifika wala haoni haya: "Muharami, niwekee mwanangu!"

Huyo mwana ni Datius, mume wangu. Alipanda meli hapa Bukoba kwenda Kisumu kutafuta kazi, tukasikia yuko Mombasa, halafu kimya. Kimya cha miaka! Ndipo zikaingia rumba za ng'ambo, vijana wakaanza kuchana njia kichwani na kuvaa suruali pana. Katika santuri moja mwimbaji akalia, "Mae, waitu!" Sisi Wahaya hivyo ndivyo tunavyowaita mama zetu, na masikio yetu yalisikia hivyo. Mama mkwe akaketi sakafuni pale pale dukani. "Ni yeye," akasema.

Mimi nilikasirika, msinione mbaya. Karugendo, fundi cherehani, alitaka kunioa, nami nilimtaka. Lakini nitaolewaje na mume wangu anaimba mjini kila siku? Nikigusia tu, mama mkwe ananikatiza: "Mumeo yu hai, humsikii?" Vijana walipopita njiani wakiuimba wimbo ule, nilisukuma chakula kando. Balaa gani hili!

Nikachoka. Siku moja nikamfuata hadi dukani.

"Muharami, mwambie mama ukweli, la sivyo namwambia mimi!"

Muharami akajikuna kichwa. Akasema mwimbaji ni mtu wa Kuba, anaimba kwa lugha ya kwao, na yale maneno si Kihaya hata kidogo.

Mama mkwe aliitazama ile sahani nyeusi ikizunguka.

"Huyo mtu ana mama?"

"Atamkosaje, mama?"

"Basi mwambie arudi nyumbani."

Akanigeukia. "Alistidia, mwanangu, Karugendo na aje." Akatoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitembea polepole.

Nilikuwa huru, jamani! Ningekimbia kwa Karugendo saa ile ile. Lakini miguu ilikataa. Wimbo ukaisha, sindano ikabaki inakwaruza, Muharami akanyoosha mkono kuitoa santuri.

"Iache," nikasema. "Niwekee mume wangu."